Korosho Kumi Kwenye Kisahani: Kumuaga Bi Shamimu Asadi

Baada ya miaka thelathini na mitano na miezi tisa ya utumishi, Bi Shamimu Asadi, Mtaalamu Mkuu wa Fiziotherapia katika hospitali yetu, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Aliripoti kazini tarehe 2 Oktoba 1989, akiwa na umri wa miaka ishirini na minne, begi moja la nguo, na barua ya ajira ambayo karani wa zamu aliipoteza kabla ya saa nne asubuhi. Ilibidi aajiriwe mara ya pili siku hiyohiyo.

Kamati ya maandalizi imeniomba mimi, Fadhili Mustafa, mtunza takwimu, niandike ukurasa mmoja wa kuchangamsha, usomwe kati ya dua ya ufunguzi na keki. Wamenichagua kwa sababu nimefanya naye kazi kwa karibu kuliko wote waliobaki. Nimejitahidi kuchangamka. Ukurasa umezidi mmoja na uchangamfu umeniishia njiani, kwa hiyo naomba radhi kwa yote mawili.

Bi Shamimu alizaliwa Mikindani katika familia ya wauza samaki. Alipofika hapa alikabidhiwa chumba nyuma ya dobi, chenye kitanda kimoja cha miguu mitatu. Mguu wa nne ulikuwa matofali. Fiziotherapia wakati huo watu waliijua kama kukandwa, na wengine walikuja na mafuta yao ya nazi kutoka nyumbani ili wasimtie gharama. Hakuwacheka. Aliyapokea mafuta, akayaweka dirishani, kisha akaanza kazi. Alimshawishi fundi bomba wa hospitali amtengenezee vyuma viwili vya kushikilia wagonjwa wanaojifunza kutembea, na vyuma hivyo bado vipo. Watoto waliojifunzia hapo sasa wanaleta wazazi wao.

Wanaofanya naye kazi wanajua kasoro zake. Hawezi kuhudhuria harusi bila kukagua mabega ya watu. Mwaka 2004, kwenye harusi ya muuguzi mmoja hapa Shangani, alimnong'oneza bwana harusi kwamba bega lake la kulia limeshuka na aje kliniki Jumatatu. Bwana harusi alikuja Jumatatu kweli, na bibi harusi hakuzungumza na Bi Shamimu hadi mtoto wa kwanza alipozaliwa. Pikipiki ya idara aliiendesha siku moja tu maishani. Aliiacha ndani ya shamba la muhogo la mtu, akarudi kwa miguu, na kwenye ripoti ya tukio, penye swali la chanzo cha ajali, akaandika jina lake mwenyewe. Tabia hiyo ya kujiandika penye kosa tulidhani ni mzaha wake.

Sasa nifike kwenye mabega, maana huwezi kumuaga Bi Shamimu ukayaruka.

Ndani ya bega kuna misuli minne midogo inayoushika mfupa wa mkono usitoke mahali pake, na kila msuli umefungwa kwenye mfupa kwa kano. Kano hizo zikichanika, mkono bado upo, vidole vinafanya kazi, ngozi haina hata mkwaruzo, ila mkono haupandi. Mtu wa kwetu anayatumia mabega yake kuanzia alfajiri: kutwanga makopa ya muhogo, kubeba mashine ya kupulizia mikorosho, kuvuta nyavu kule Mnazi Bay. Bega likiharibika hakuna anayeliona, na mwenye nalo huambiwa amekuwa mvivu. Bi Shamimu aliwasikia watu hao wakiitwa wavivu kwa zaidi ya miaka ishirini, na jambo hilo lilimuudhi kuliko jambo lolote nililowahi kuliona likimuudhi.

Mwaka 2016 ulikuja utafiti. Swali lake lilikuwa rahisi kulisema: mtu mwenye kano ya bega iliyochanika ashonwe, au mazoezi yanatosha? Kwa mkoa ambao mpasuaji alikuja kutoka Dar es Salaam mara moja kila miezi miwili, jibu lake lingebadilisha maisha ya watu. Wagonjwa tisini na wawili walikubali kushiriki. Kwa kura ya bahasha zilizofungwa, nusu waliangukia kushonwa na mpasuaji, Daktari Innocent, na nusu, yaani arobaini na sita, waliangukia mazoezi chini ya Bi Shamimu, ambaye angewafuata majumbani mwao kila baada ya miezi mitatu kwa mwaka mzima. Kulikuwa na kanuni moja ya usalama, na naomba msomaji aishike. Yeyote wa kundi la mazoezi ambaye maumivu yake yangebaki tano au zaidi katika kumi alipotembelewa, angepelekwa kushonwa bila kusubiri.

Bi Shamimu aliukataa ukurasa wa kwanza wa dodoso siku tuliyolipokea. Lilikuwa limetoka mbali, na liliuliza kama mgonjwa anaweza kurusha mpira juu ya kichwa. Alisema hajawahi kumwona mama wa kijijini Ziwani akirusha mpira juu ya kichwa, na akimwona atampigia simu mumewe. Akaandika maswali mapya. Unaweza kufunga kanga mwenyewe? Unaweza kumsuka mtoto? Unaweza kuinua mchi? Unaweza kuipandisha mikono yote miwili ukihirimia sala, pale unapoianza? Maswali hayo bado yanatumika hapa kwetu, na nadhani yatatumika hata sisi tukiwa hatupo. Naomba yakumbukwe kama kazi yake, kwa sababu linalofuata linakumbukwa zaidi.

Maumivu yalipimwa kwa karatasi yenye mstari wa sifuri hadi kumi. Hospitalini ilikwenda vizuri, kwa kuwa muuguzi alikaa na mgonjwa faragha na kumweleza taratibu. Vijijini ilikuwa shida. Karatasi yenye mistari ikitoka kwenye mkoba, majirani walijaa uani kuuliza kama ni fomu za fidia ya ardhi. Bi Shamimu akaiweka karatasi kando, akaja na vijiti kumi: chukua vijiti kwa kadiri unavyoumia. Mzee mmoja akasimama akaondoka, akasema yeye hapigiwi ramli na mtumishi wa serikali. Vijiti navyo vikawekwa kando.

Ndipo akaleta korosho. Alizikaanga mwenyewe nyumbani kwake, akahesabu kumi, akazipanga kwenye kisahani cheupe na kukiweka mkekani mbele ya mgonjwa. Kama hapaumi, usichukue. Kama panauma kidogo, chukua moja au mbili. Kama huna hali, chukua zote. Hakuna aliyeondoka. Watu walifurahi, watoto walikaa mbali kwa adabu wakitazama kisahani, na kazi iliyochukua saa nzima ikawa ya dakika kumi. Daktari Innocent alikipiga picha kisahani. Mimi ndiye niliyeandika barua fupi kwa viongozi wa utafiti kueleza kwamba kipimo hakikubadilika, kwa kuwa kumi ni kumi, iwe kwenye karatasi au kwenye kisahani. Kundi la kushonwa, ambalo lilirudi hospitalini kukaguliwa, liliendelea na karatasi.

Miongoni mwa wagonjwa wa mazoezi alikuwepo Bi Rehema wa Ziwani, mkulima wa korosho na muhogo, anayejulikana zaidi kama Mama Sharifa. Februari 2018 aliteleza akiwa na tenga la makopa kichwani, akajizuia kwa mkono wa kulia. Alipopimwa hospitalini kwa karatasi, mwezi Machi, maumivu yalikuwa nane. Baada ya miezi mitatu alipotembelewa alichukua korosho moja. Baada ya miezi sita, moja. Baada ya miezi tisa alikirudisha kisahani kwa mkono wa kushoto, akashukuru, akasema yeye ameshiba. Niliandika sifuri. Nakumbuka niliiandika kwa furaha, kwa sababu ilikuwa sifuri yangu ya kumi na nne.

Januari 2019 nilitengeneza jedwali la kwanza. Kundi la kushonwa maumivu yao yalishuka kutoka saba hadi tatu. Kundi la mazoezi yalishuka kutoka saba hadi moja na nusu. Mazoezi ya ukutani, ya kamba na ya fimbo, yanayofanywa uani kwa mama wa Ziwani, yalikuwa yameshinda kisu. Niliwanunulia soda wafanyakazi wa idara nzima. Muhtasari ulitumwa Dar es Salaam, na tukaambiwa utasomwa mkutanoni Arusha mwezi wa Juni. Bi Shamimu alikunywa soda yake nusu, akaniuliza kama nina uhakika. Nilimwambia takwimu hazina aibu wala uoga. Sentensi hiyo nimeijutia mara nyingi.

Machi mwaka huo alikwenda Ziwani kumtembelea Mama Sharifa kwa mara ya mwisho ya utafiti. Gari la chanjo lilikuwa linaelekea huko siku moja kabla ya miadi, akapanda, kwa hiyo alifika bila kutarajiwa. Kwa kawaida alimkuta Mama Sharifa ameshakaa mkekani, kanga zimefungwa, nywele zimesukwa. Siku hiyo alimkuta amesimama uani, na binti yake Sharifa akimvalisha. Sharifa alimfunga mama yake kanga kama anavyofungwa mtoto, akaunyanyua mkono wa kulia kwa mikono yake miwili ili kuupitisha kwenye blauzi, na mkono ulipoachiwa ukaanguka.

Bi Shamimu alisalimia, akakaa, akapanga korosho zake kumi. Mama Sharifa akachukua moja, akaishika kiganjani bila kuila. Bi Shamimu akamuuliza kwa nini moja. Mama Sharifa akashangaa kuulizwa. Alisema mtu ametoka mjini na jua lote hili, amekuja na chakula cha jikoni kwake, sasa yeye ammalizie kisahani? Akirudi kwake atasema amekuta watu gani? Wakati wa kuagana, Sharifa alimsindikiza mgeni hadi barabarani, na huko ndiko alikosema kwamba mama yake anasali kwa kuinua mkono mmoja tangu mwaka uliopita, na kwamba zile korosho mojamoja alikuwa akimpa mjukuu.

Nilikuwa ofisini aliporudi. Aliweka kisahani mezani kwangu, korosho tisa ndani yake. Alisema, "Fadhili, hatukupima maumivu. Tumepima adabu." Kisha akakaa kwenye kiti cha wagonjwa na kulia.

Ninaandika haya kwa sababu yeye ameniambia kwamba akiagwa kwa kusifiwa tu hatakuja. Kosa lile lilikuwa letu sisi watu wa huku. Mtafiti wa mbali angeleta karatasi yake, angegombana na majirani, angepata namba mbovu kiasi na nzuri kiasi. Bi Shamimu aliwajua watu wake, akawapelekea kitu wanachokipenda, na akasahau jambo ambalo kila mtoto wa Mikindani hufundishwa kabla hajajua kusema vizuri: usimalize sahani ya mtu. Mimi nimezaliwa Mtwara mjini nikafundishwa hivyohivyo, na nilizisoma namba zile miezi kumi na minane bila kushtuka.

Lakini kinachomuumiza yeye siyo kusahau. Aliniambia mara moja tu, na sijamsikia akirudia. Kila alipomshika Mama Sharifa bega, mikono yake ilihisi kuwa msuli unapungua. Kitaalamu alijipa maelezo, kwamba nguvu hurudi polepole, kwamba maumivu ndiyo yanayosema. Pembe za mkono, yaani unapanda hadi wapi, na yale maswali ya kanga na mchi vilipangwa kuchukuliwa mwanzoni na mwishoni tu. Akakiamini kisahani akaacha kuiamini mikono yake.

Mama Sharifa aliletwa hospitalini wiki iliyofuata. Daktari Innocent alitazama picha za altrasaundi kwa muda mrefu, kisha akaeleza kwamba kano imejivuta mbali na mfupa na msuli umegeuka mafuta. Baada ya miezi mitatu ingeshonwa. Baada ya miezi sita pengine. Sasa ukiivuta itararuka kama kitambaa kikuukuu. Mama Sharifa alimsikiliza, akamshukuru daktari, akamgeukia Bi Shamimu aliyekuwa amesimama mlangoni, akampa pole. Alimpa pole yeye.

Hapo ndipo niliposhauri tusubiri. Niseme wazi, maana wengi hamlijui: nilimwomba Bi Shamimu tuache mkutano wa Arusha upite, halafu tuandike kwamba kipimo cha nyumbani kilikuwa na mapungufu. Neno mapungufu nililipenda. Linabeba mengi na haliumizi. Siku ya tatu alikuja na kurasa tatu za mkono akaniomba nichape. Ilikuwa barua kwa viongozi wa utafiti. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba matokeo ya kundi la mazoezi si ya kweli, na ya pili ilisema kwamba aliyeyakusanya ni yeye. Jina langu halikuwemo popote. Niliichapa nikakosea herufi nyingi, akanirudishia niichape tena.

Kati ya Aprili na Juni tuliwazungukia wote arobaini na sita. Safari hii alikwenda na karatasi, aliwaomba majirani watoke, na alianza kila nyumba kwa kueleza alivyokosea. Wengine walikataa kabisa kwamba amekosea. Kule Mnazi Bay, mvuvi mmoja aliyekuwa akichukua korosho mbili kila mara alisema alidhani anaulizwa kama ametosheka na huduma. Namba za kweli zilipopatikana, ishirini na saba mazoezi yalikuwa yamewafaa, na hilo si haba. Kumi na tisa walistahili kushonwa tangu zamani. Kati ya hao, Daktari Innocent aliweza kuwashona kumi na wawili. Saba walikuwa wamechelewa.

Muhtasari uliondolewa mkutanoni. Utafiti ulifungwa Desemba 2019, na chumba cha kliniki ya mabega kikawa stoo ya vyandarua. Nafasi ya kupanda cheo aliyokuwa ameahidiwa ilipita kimya. Wapo waliosema amejiharibia mwenyewe, kwamba mwenye akili angenyamaza, na walisema hivyo kwenye kantini yetu wakijua meza ya pili anasikia. Alimaliza chai yake akarudi wodini. Tangu mwaka ule sijamwona akitia korosho mdomoni, hata kwenye pilau ya Idi huzichambua akazisogeza pembeni ya sahani, na katika mkoa huu mtu wa namna hiyo anaonekana kutoka mbali.

Wale saba aliwafanya kazi yake ya Jumamosi. Hakutumwa na mtu. Alikwenda kwa nauli yake, mwaka baada ya mwaka, akawafundisha kuutumia msuli uliobaki, kuuegemeza mkono, kuubadili mchi uwe mwepesi, kulala upande usiouma. Wawili wamefariki kwa maradhi mengine. Mmoja alihamia kwa mwanawe Newala. Wanne bado wapo, na mkono wa juu zaidi kati yao unafika usawa wa kidevu. Najua kwa sababu vipimo ananiletea mimi, kila mwezi wa Januari, na mimi naviingiza kwenye daftari la utafiti ambao haupo tena.

Katika daftari hilo kuna nafasi moja tupu. Watu arobaini na watano walimpa namba kwenye karatasi. Mama Sharifa hakumpa. Kila alipoulizwa alijibu kwamba ana nafuu, alhamdulillahi, na yeye Bi Shamimu anaendeleaje na ile safari ndefu. Alikuwa ameuona uso wake siku ile mlangoni kwa daktari, na tangu hapo adabu yake ilizidi mara mbili. Alificha, akajikaza, akamwandalia chai kwa mkono wa kushoto na kusema bega halimsumbui hata kidogo. Bi Shamimu alikataa kuandika jibu hilo. Alisema ameshaandika sifuri ya mwanamke huyu mara moja na haandiki tena. Mwaka 2021 aliacha kumuuliza. Aliniambia kitu kimoja anachotaka kabla hajaondoka kazini ni kuambiwa na Mama Sharifa ukweli, namba moja tu, na kwamba anajua hataipata, kwa sababu aliyemfundisha mama yule kuficha ni yeye mwenyewe kwa kisahani chake. Nilimfariji vibaya, kama kawaida yangu.

Wiki mbili zilizopita kamati ilinituma Ziwani kumwalika Mama Sharifa kwenye hafla hii. Nilimkuta na Sharifa wanamenya muhogo. Yeye anaubana kwa goti na kumenya kwa kushoto, na amekuwa hodari. Nilimpa barua. Alisema hawezi kuja, barabara inamtingisha bega, na aliposema hivyo akaurudia muhogo wake haraka, kwa sababu neno lilikuwa limemponyoka. Basi nikamweleza. Nilimwambia Bi Shamimu anastaafu, hatarudi tena na mkoba wa hospitali, na kwamba kuna nafasi moja kwenye daftari ambayo kwa miaka sita inamnyima raha. Sikumpangia kisahani. Sikumuuliza namba. Nilikuwa nimeshakosea vya kutosha katika jambo hili.

Aliniuliza swali moja. Aliuliza kama Bi Shamimu akiambiwa atalia. Nikamwambia ndiyo, atalia, lakini sasa hivi analia kwa kutokuambiwa.

Mama Sharifa aliingia ndani, akakaa huko kwa muda. Nilisikia harufu ya korosho zinazokaangwa. Wakati wa kuondoka Sharifa alinijazia kikapu: muhogo, kunde, korosho za kubangua zisizopungua kilo mbili. Hivyo ndivyo watu wa Ziwani wanavyompa mgeni, na ukikataa umewatukana. Kisha mama mwenyewe akaja na kifurushi kidogo cha kitambaa cheupe, kimefungwa fundo la mkono mmoja, kwa msaada wa meno. Akasema hiki siyo changu, ni cha Bi Shamimu, na nisiongeze wala nisipunguze.

Nilikifungua kwenye gari. Mwenye kikapu cha kilo mbili hampi mgeni wake korosho chache kwenye kitambaa kama zawadi. Kuchukua za mtu aliona aibu, lakini hizi zilikuwa za shambani kwake na za jikoni kwake, na kutoa hakuna aibu. Nilizihesabu kwenye paja langu. Zilikuwa saba.

Nakiri kwamba nilikaa nazo njia nzima nikifikiria. Zingekuwa mbili, hotuba hii ingekuwa fupi na nzuri. Hata nne zingevumilika. Kikapu kilikuwa miguuni, na hakuna ambaye angejua. Lakini niliwahi kuyapamba mambo mara moja, na aliyelipia si mimi.

Bi Shamimu, kwa niaba ya uongozi, wafanyakazi wenzako na wagonjwa wako wa miaka thelathini na mitano, tunakushukuru. Tunakushukuru kwa vyuma vya fundi bomba, kwa maswali ya kanga na mchi, kwa wale ishirini na saba, kwa wale kumi na wawili, na kwa barua ile ya kurasa tatu ambayo mimi nisingeiandika. Mwenyezi Mungu akujaalie afya, usingizi mzuri na matembezi marefu ya jioni hapo Shangani, na uyaache mabega ya watu yapite salama.

Kifurushi cha Mama Sharifa utakabidhiwa mkononi kabla ya keki, kikiwa na fundo nililolifunga upya, na korosho zake zote. Daftari nimelifunga leo asubuhi. Kwenye ile nafasi nimeandika saba, na mbele yake nimeandika kwamba aliyeitoa namba hiyo ni mgonjwa mwenyewe, kwa hiari yake, nyumbani kwake.